Harusi ya Mama Mdogo na Mwaka wa Naume

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Hukaushwa juu ya moshi wa kuni mpaka yawe meusi na magumu, na yakishachemshwa harufu yake haimruhusu mtu kujifanya hajaisikia. Ni harufu ya jivu lililomwagiwa maji, ya jiko la bibi, ya mlima uliolowa. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Ijumaa zangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa, tena si Bungoma kwetu wala Mbale kwenyewe, bali mjini Doha, eneo la Al Rayyan, katika jumba kubwa la zamani ambalo mwenye nyumba alilikatakata kwa kuta za mbao na kulipangisha vipande vipande. Kiyoyozi cha dirishani kilivuta harufu hiyo, kikaizungusha, kikaturudishia ikiwa baridi. Jirani zetu wa kulia, familia ya Kihindi, walijibu kwa vitunguu saumu na binzari. Wa kushoto, mzee wa Kisudani na mkewe, walichoma ubani. Hakuna aliyemlalamikia mwenzake. Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko, na kila mlango ulikuwa na haki ya kunukia nyumbani kwao.

Mpishi wa malewa hayo alikuwa Anti Naume, Mganda wa Mbale, yaya katika nyumba ya familia moja ya Kikatari si mbali na kwetu. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa rafiki wa mama yangu mdogo, Nasimiyu, aliyehudumu katika mkahawa wa hoteli huko Al Sadd na kulala sebuleni kwetu, kwenye kochi ambalo mchana sote tulilikalia na usiku likawa milki yake. Walikutana dukani. Mama Mdogo alisikia nyuma yake mtu akinung'unikia bei ya nyanya kwa lugha iliyokuwa Kibukusu chake mwenyewe, isipokuwa maneno mawili matatu yaliyovaa nguo nyingine. Akageuka akajibu kwamba nyanya zile hata ndama wa kwao wangezisusa. Kigisu na Kibukusu ni watoto wa mama mmoja waliotenganishwa na mpaka wa Kenya na Uganda, na siku ile dukani walikumbatiana kwa niaba ya mlima mzima. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kila Ijumaa asubuhi Anti Naume alibisha mlango wetu akiwa na kifuko chake, akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni bila kuuliza, na Mama, ambaye alikuwa muuguzi na aliyerudi zamu ya usiku akiwa hoi, alimshukuru Mungu kwa sauti na kwenda kulala.

Sote tulijua kwamba Anti Naume ni Msabato. Hakuna aliyetuambia; tulijiambia wenyewe tukaridhika. Jumamosi hakuwasha jiko, na alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake Mfilipino ili asiwashe. Ijumaa jua likianza kuinama alikuwa ameshavaa viatu, hata chai iwe mezani, na hakuna aliyeweza kumshika. Nguruwe hali, kamba hali, nyama ya kwetu pia hali, ingawa hiyo tuliihesabu kuwa ni maringo. Nani mwingine angeishi hivyo kama si Msabato? Baba, dereva wa basi la wafanyakazi na mtu asiyeweza kumwacha mtu bila kumpa jina, alimwita Mama Sabato. Anti Naume alicheka, akasonga ugali. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba giza lenyewe laweza kukaa jikoni kwako kila Ijumaa likikukaangia karanga.

Baba yake Anti Naume alifariki wakati wa baridi, zile wiki ambapo hata Doha watu huvaa sweta na kujisifu. Habari zilimfikia kwa simu, na kabla kibali chake cha kusafiri hakijatoka, mzee alikuwa ameshazikwa. Hilo lilitushangaza. Kwetu Bungoma maiti hungoja mochari mpaka walio ng'ambo wafike, kamati ikutane, ng'ombe apatikane. "Wamemharakisha hivyo kwa nini?" Mama aliuliza. Anti Naume alisema tu kwamba kwao hawalazi maiti. Ijumaa iliyofuata alikuja kwetu, na badala ya kwenda jikoni akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Mama akamvutia kiti, akakikataa. Tukamwimbia nyimbo za kanisani kwetu, Baba akaomba sala ndefu, Mama Mdogo akamshika mkono. Yeye alitushukuru kwa heshima, kama mtu aliyeletewa viatu vizuri visivyomwenea. Msiba wa wengi ni harusi, hunena Waswahili, na mimi nadhani sasa kwamba tulijitahidi kuwa wengi kwa ajili yake, ila msiba wenyewe aliubeba peke yake. Wiki chache baadaye alikuwa akipika tena, nasi tukaona yamekwisha.

Baridi ilipopungua, Mama Mdogo alitangaza kwamba anaolewa. Mchumba wake, Barasa, alikuwa mlinzi aliyeishi kwenye kambi ya kampuni huko Industrial Area, chumba kimoja na wanaume wengine, vitanda juu ya vitanda. Alikuwa mpole kiasi kwamba Baba alimshuku. Kwa muda wa wiki kadhaa nyumba yetu haikuzungumza jambo jingine. Ibada ingefanyika Ijumaa asubuhi kanisani, kisha karamu uani kwetu, chini ya hema la kuazima. Na msimamizi wa bibi harusi angekuwa nani tena kama si Naume? Mama Mdogo hata hakumwomba. Alimnunulia kitenge cha rangi ya chungwa kilichofanana na kitambaa cha meza kuu, akamwekea mikononi akisema, "Fundi anakungoja akupime." Anti Naume alikipapasa kile kitambaa. Kisha akasema, polepole sana, kwamba atamsaidia kwa kila kitu kabla ya siku ile na baada ya siku ile, lakini siku yenyewe hataweza kuwepo.

Mama Mdogo alidhani ni zamu ya kazi, akajitolea kwenda kumpigia magoti bosi wake. Si zamu. Basi ni Sabato? Harusi ni Ijumaa, na itakwisha jua likiwa juu. Si hiyo. "Ni kwa sababu ya Baba," Anti Naume alisema. Mama Mdogo akahesabu kimoyomoyo miezi iliyopita, nikauona uso wake ukibadilika kutoka mshangao hadi kuumia. Kwetu mtu akishazikwa, watu hunyoa nywele, mali huzungumzwa, na maisha hushika njia yake. "Sema tu humpendi Barasa," alimwambia. "Au sema unaona wivu. Lakini usimsingizie marehemu." Nilikuwa mlangoni na glasi ya maji, na nilijua hata kwa akili yangu ya darasa la nne kwamba neno hilo lisingerudi mdomoni. Anti Naume alivaa viatu vyake ingawa ilikuwa bado saa sita mchana. "Kama husimami nami, usije kabisa," Mama Mdogo alimwambia mgongoni.

Hakuja Ijumaa iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Tulikula mkate na mayai. Mama alilala akiwa na njaa, akaamka akiwa na hasira. Mama Mdogo alijaribu gauni lake mbele ya kioo cha kabati, akageuka huku na huku, na kila alipogeuka alianza kusema jambo kwa Kibukusu kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumjibu kwa lugha ile ile iliyopinda kidogo. Alimtaja binti mwingine wa hoteli awe msimamizi, siku ya pili akamfuta. Barasa alipokuja kutembelea alimkuta akilia juu ya sahani za kuazima, akadhani ni yeye aliyekosa, akaomba msamaha kwa jambo asilolijua. Nilimpenda tangu siku hiyo. Lakini zaidi ya yote nilimtaka Anti Naume arudi, na niliogopa kwamba watu wazima wana uwezo wa kuachana kweli kweli.

Alirudi Ijumaa ya tatu, akiwa na kile kitenge kimepigwa pasi na kukunjwa mraba.

"Nimeleta kitambaa," alisema.

"Weka hapo," Mama Mdogo akajibu bila kumtazama.

"Keti, Naume," Mama akaingilia kati. "Hii nyumba haina mlinzi wa kukuzuia kuketi."

Aliketi pembeni ya kochi. "Kuna jambo sijawaambia," alianza. "Mimi si Msabato."

Baba akapunguza sauti ya televisheni. "Umeokoka lini?" aliuliza, kwa furaha ya kweli.

"Sijaokoka, Baba Nekesa. Mimi ni Myahudi."

Baba alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Myahudi wa Biblia? Wa Musa?"

"Musa huyo huyo. Lakini mimi ni wa Mbale, bambi, jamani, msinitazame hivyo."

Akatueleza. Babu zake walisoma vitabu vya Musa, wakaamua kuvifuata jinsi vilivyoandikwa, na hata sasa wako huko vilimani, na sinagogi lao la matofali, na mashamba yao ya kahawa. Nyumbani hakuwa kitu cha ajabu. Kila mtu alijua ni binti wa nani na anasali wapi. Lakini ugenini maswali hayaishi, na mtu huangalia anaongea nini mbele ya nani. "Mkaniita Msabato," alisema, "nikaona si mbali sana na ukweli, nikakaa hapo." Kisha akamgeukia Mama Mdogo. Kwao mtu akifiwa na mume, na mtoto, na ndugu, huomboleza kwa mwezi. Lakini kwa baba na mama ni mwaka. Mwaka huo hukai kwenye karamu, huingii harusini kunakochezwa ngoma, hata kama moyo wako unaitaka harusi hiyo kuliko chakula.

"Hata ya rafiki yako?" Mama Mdogo aliuliza.

"Hata ya rafiki yangu."

"Na nani atajua, Naume? Hapa Doha nani wa kwenu wa kukuona?"

"Ndiyo sababu hiyo," Anti Naume akasema. "Hakuna. Nisipouweka mimi huu mwaka, hakuna wa kumwekea Baba hapa. Ndugu zangu walimwaga udongo. Waliketi chini pamoja, majirani wakawaletea chakula. Mimi nilikuwa napiga pasi kanzu za watu. Wao walipata mazishi, Nasimiyu. Mimi nimepata mwaka tu. Usininyang'anye."

Mama Mdogo alifunika uso. Sauti yake ilitoka katikati ya vidole, ndogo kabisa. "Wewe una mwaka. Mimi nina siku moja."

Hakuna aliyekosea kati yao. Mama, aliyekuwa hajalala tangu jana, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alipochoka alikuwa na dhihaka kali, na wagonjwa wake wote waliijua. "Sasa mnataka tufanyeje?" alifoka. "Tumfungulie dirisha achungulie? Au aje kama mpishi, avae aproni, atubebee masinia?"

Anti Naume aliinua kichwa. "Rudia hapo."

"Nirudie nini?"

"Mpishi."

Akasimama. Alianza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha machozi yakaanza, vyote kwa pamoja, kama mvua ya jua. Alikuwa msichana mdogo, alisema, mwaka ule baba yake alipofiwa na mama yake mzazi, na jirani yao akamwoza binti yake. Siku nzima baba yake alibeba maji na sahani, akapita katikati ya wageni kama mtumwa, na yeye mtoto akaona aibu mpaka akajificha. Jioni alimuuliza baba yake kwa nini alijishusha hivyo. Akamjibu kwamba aliyefiwa hawi mgeni wa harusi, lakini anaweza kuwa mtumishi wake. Atumike, mikono yake iwe na kazi, kisha ale nyumbani kwake kile atakacholetewa kutoka karamuni. "Nilikuwa nimesahau," alirudia mara kwa mara. "Nilikumbuka sheria, nikamsahau Baba mwenyewe."

Alinunua kadi ya simu, akampigia mwalimu wao wa dini huko kwao, sisi sote tukiwa tumemzunguka na simu ikikwaruza. Mwalimu alisema wapo wanaoishika desturi hiyo na wapo wanaosita, lakini kama marehemu mwenyewe aliifuata, binti yake asiogope kuifuata. Ila afanye kazi kweli, asiende kubeba kijiko kimoja ili aketi meza kuu. Baba, kwa heshima ya ukoo wa Musa, akasema kwa kazi hiyo asiwe na wasiwasi, wageni wa Kibukusu wanakula. Mama Mdogo alichukua kile kitenge kilichokunjwa, akakipeleka kwa fundi Mpakistani wa Al Sadd, na badala ya gauni la msimamizi akaagiza aproni. Fundi aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Siku ya harusi Anti Naume hakwenda kanisani. Alibaki nyumbani na masufuria. Aliyesimama na bibi harusi altareni alikuwa Mama, kwa gauni lake la zamani, na Mama Mdogo alikuwa amekataa katakata pengo lile lijazwe na mtu mwingine yeyote. Tuliporudi uani tulipokelewa na harufu ya wali wa nazi, maharage, na malewa ya karanga, na ndani ya harufu hiyo aproni ya rangi ya chungwa ikipita huku na huku. Walinzi wa kambi walikuwa wameletwa na basi la Baba, wakiwa wamevaa suti za kuazimana. Yaya, madereva na wahudumu wa hoteli walikaa wamebanana, wakicheka kwa sauti ya watu waliopewa ruhusa ya saa chache. Anti Naume alimhudumia kila mmoja. Hakumruhusu mtu amsaidie. Mama wa Kisudani alipomvuta aketi kidogo, alitikisa kichwa na kumwongezea wali. Muziki ulipopanda na wanawake wakaanza kutikisa mabega kwa mtindo wa kwetu, aliokota sinia tupu, akaingia jikoni, akafungua bomba maji yaanguke kwa nguvu. Nilimkuta pale akiosha sahani safi.

Watu waliposhiba na mshereheshaji akaanza kumwita bibi harusi aje acheze na mumewe, bibi harusi hakuonekana. Alikuwa amepakua sahani kwa mkono wake, kutoka masufuria ya Naume mwenyewe, kwani alijua hatakula kingine, akaifunika kwa kitambaa cha meza kuu. Alimtoa Anti Naume jikoni, akamwingiza kwenye chumba changu, akaniambia nilete maji ya kunawa, akafunga mlango nami nikiwa ndani. "Umesema mtu huletewa nyumbani," alimwambia. "Huna nyumba nyingine hapa Doha. Hapa ndipo kwenu." Anti Naume aliketi sakafuni, mgongo ukutani, vile alivyoketi siku ile ya nyimbo. Na Mama Mdogo, aliyefungwa gauni hilo na wanawake wawili kwa nusu asubuhi, akakusanya vitambaa vyote vile vyeupe na kuketi sakafuni kando yake.

"Kula," alisema. "Na uniambie alikuwa mtu wa namna gani."

Anti Naume alikula, akaeleza. Baba yake alikuwa mfupi, mwenye kikohozi cha kujulisha watu kwamba anakuja, mkali kwa kahawa iliyoanikwa vibaya, mwoga wa radi. Aliimba vibaya na kwa bidii. Nje watu walimwita bibi harusi mara ya pili, mara ya tatu, kwa utani, kisha kwa wasiwasi. "Wacha waite," Mama Mdogo alisema. Barasa alifungua mlango kidogo, akaona wanawake wawili chini, mmoja kwa rangi ya chungwa na mmoja kwa nyeupe, akaufunga tena taratibu. Nilimsikia akiwaambia wageni kwamba atacheza peke yake kwanza, na kwa kweli akacheza, mtu yule mpole, maana niliwasikia wakishangilia mno. Anti Naume alimaliza sahani. Akanawa mikono, akalifuta shavu la bibi harusi lililoharibika rangi, akamsukuma. "Nenda sasa, nyabo, bibi harusi wetu. Baba ameshakula." Nilimsikia vibaya au alisema hivyo hivyo, sijui. Sijawahi kumuuliza, kwa sababu naipenda sentensi hiyo jinsi nilivyoisikia.

Ni miaka mingi sasa. Mama Mdogo na Barasa wanalima Kitale. Anti Naume yuko Mbale, na kati yao kuna mpaka mmoja mdogo wanaouvuka ili kugombania bei ya mahindi na kula sikukuu. Mimi nafanya kazi Nairobi, katika ofisi ambapo huzuni hupewa siku tatu za likizo na ujumbe wa pole kwenye kundi la simu, kila mmoja akinakili pole ya aliyemtangulia. Baada ya hapo mtu hutarajiwa awe mzima. Si kwamba watu ni wabaya. Tuna haraka, na tunaamini kumchangamsha mtu ndiyo kumpenda. Mimi si Myahudi, na sina hakika sana ni nini mimi. Lakini nilikulia mahali ambapo furaha na msiba vilikutana mlangoni, na kila kimoja kikampisha mwenzake bila kujifanya hakimwoni.

Mwezi uliopita mwenzetu Achieng' alirudi kazini baada ya kumzika mama yake. Siku hiyo hiyo ilikuwa ya kuzaliwa kwa mkuu wetu. Keki ikaletwa, maputo yakapulizwa, na wote wakaanza kumvuta Achieng' kutoka mlangoni. "Njoo ucheke kidogo, mama hangetaka uwe na huzuni." Aliushika mwimo wa mlango, hajui aingie au akimbie. Niliwapita, nikamwendea na kisu cha keki. Nikamwambia, "Usikae nasi. Tugawie tu." Aliuachia mwimo. Kisha akakichukua kisu, akaingia, akatukatia keki mmoja baada ya mwingine huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.